Dumu la asali, solo ya Zappa na uzi uliokatika

Chini ya meza yangu kulikuwa na dumu la asali la lita 5 ambalo si langu. Lilikuwa dau. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu napiga gitaa la besi, na mpiga besi, kwa maelezo ya Fundi, ni mtu asiye na upande: anasimama nyuma, anawaona wote, na harusini hakuna anayemtunza.

Mambo yenyewe yalitokea Ng'ambo, hapa Tabora, kwenye kibanda ambako Fundi hutengeneza redio, amplifaya na, siku hizi, simu kuliko vyote viwili. Jumapili hashiki kazi. Hufungulia muziki, nasi tunakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Huwa tupo watano. Fundi mwenyewe. Mwalimu, anayefundisha muziki na ndiye pekee kati yetu anayesoma nota kama wengine wanavyosoma gazeti. Mzee, aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi enzi ambazo ukitaja Tabora umetaja Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Kijana, anayejifunza solo kwa Mzee. Na mimi.

Muziki wa Frank Zappa ulifika Ng'ambo kwa njia ya deni. Mteja mmoja alishindwa kulipia matengenezo, akalipa kwa flashi iliyojaa roki ya zamani. Fundi alilalamika wiki nzima, kisha akaacha kulalamika. Zappa alikuwa Mmarekani, alizaliwa 1940, akafariki 1993, na katikati ya miaka hiyo alipiga gitaa la roki na kuandika muziki wa okestra kwa mkono uleule. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Jumapili ile ulikuwa unapigwa "On the Bus", kipande kifupi cha gitaa kutoka albamu ya Joe's Garage ya 1979. Fundi alinyanyua kidole. "Sikilizeni dramu inavyomjibu. Huyu anapiga papo hapo, na mwenzake anamfuata papo hapo. Hapa hakuna karatasi."

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa karatasi. Zilikuwa kurasa chache za solo za Zappa zilizoandikwa kwa nota, nyeusi tii, na juu ya mafungu ya nota kuna mabano yenye tarakimu: 5, 7, 11. Maana yake, akatueleza, ni kwamba nota saba zimebanwa mahali pa nne, kumi na moja mahali pa nane. "Fundi, kaka yangu, mtu habahatishi kumi na moja. Hii ilitungwa, ikaandikwa, ikasomwa, ndipo ikapigwa."

"Weka dau."

"Dumu la asali."

Lita tano za asali ya miombo si mzaha. Wakageuka kwangu.

Kabla sijaingia kwenye ushahidi, niseme jambo ambalo siku ile sikuliona. Wiki moja nyuma tulikuwa tumepiga harusi Isevya. Kijana alipewa solo ya wimbo mmoja wa zamani, wimbo ambao kila mtu wa rika la Mzee anaujua mpaka solo yake, wanaiimba kwa midomo. Kijana alianza vizuri, kisha akaamua kwenda kwake. Hakuharibu. Nilikuwa nyuma yake na nakwambia hakuharibu. Lakini wazee waliokuwa uwanjani walipunguza miguu, na baba mmoja aliyekuwa anakuja na noti ya elfu tano mkononi, ameshaikunja ya kumtunza, akasimama, akamtazama, akairudisha mfukoni. Mzee hakusema neno usiku ule. Alisema kesho yake, na alisema mengi.

Kwa hiyo tulipokaa chini ya mwembe kubishana kuhusu Mmarekani, Kijana alikuwa kimya na Mzee alikuwa kimya, na kelele zote walipiga wawili ambao kisa hakikuwahusu sana.

Nianze na karatasi za Mwalimu, maana ndizo zilizokuwa na sura ya ushahidi. Aliyeandika solo hizo si Zappa. Ni Steve Vai, ambaye akiwa bado mwanafunzi wa muziki Boston alimtumia Zappa nota za "The Black Page" alizoziandika kwa kusikiliza tu. Zappa akamlipa aendelee kumwandikia, na mwaka 1980 akamwingiza kwenye bendi. Kitabu cha solo hizo kilitoka 1982. Solo zenyewe zilikuwa zimeshapigwa, zimeshasahauliwa na vidole, ndipo zikaandikwa. Nikamwambia Mwalimu: karatasi yako ni muhtasari wa kikao, wewe unaisoma kama ajenda.

Hakukubali, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Zappa kweli alitunga vitu vya namna ile. "The Black Page" aliiandika kwanza kwa ajili ya dramu ya Terry Bozzio, mpiga dramu wa bendi yake, na jina la kipande hicho, ukurasa mweusi, linatokana na wingi wa nota. Mwaka 1983 alikwenda London kurekodi kazi zake na okestra kubwa ya mji ule. Mwaka 1984 ilitoka albamu ambamo Pierre Boulez, Mfaransa asiyejulikana kwa kucheka ovyo, aliongoza muziki wake. Mtu kama huyo akikuletea nota kumi na moja mahali pa nane, dhana ya kwanza ni kwamba ameziandika. Mwalimu alikuwa anaamua kwa tabia ya mshtakiwa.

Fundi ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa simu. Alifungua ujumbe wa sauti ambao mkewe alikuwa amemtumia asubuhi: anunue unga, mafuta ya kupikia, na asisahau kama alivyosahau juzi. Sekunde kumi na kitu hivi. "Andika hii."

Mwalimu ni mtu wa haki. Alitoa penseli, akagonga goti kwa mapigo ya sawasawa, akausikiliza ule ujumbe labda mara ishirini. Tulikunywa chai ikaisha. Alipogeuza daftari, kulikuwa na mabano. Tano. Saba. Mahali pa "kama ulivyosahau juzi" palikuwa na kumi na moja, imebanwa mwishoni kwa sababu shemeji alikuwa anaongea haraka kwa hasira.

Hakuna aliyesema kwamba shemeji alitunga. Mazungumzo ya mtu yeyote, ukiyalazimisha kwenye nota, yanatoka na tarakimu za kutisha, na solo za Zappa kwa sikio langu zinakwenda kama mtu anayezungumza: anasita, anakimbia, anakata, anarudia neno. Ugumu uko kwa anayeandika. Anayesema hana habari.

Fundi akavuta dumu. Nikamwambia aliache palepale.

Maana ushahidi wake nao ulikuwa na tundu. Ni kweli kwamba Zappa jukwaani aliacha nafasi za kupiga papo hapo. Wimbo wake "Inca Roads", kwa mfano, una sehemu za utunzi mgumu ambazo bendi lazima izipige zilivyo, halafu katikati unafunguka uwanja wa kodi mbili tu, C na D, zinazozunguka. (Kodi za gitaa, yaani nota zinazopigwa pamoja, si zile za kulipia kila robo mwaka.) Juu ya kodi hizo mbili alipiga kilichomjia, na ukisikiliza matamasha yaliyorekodiwa, usiku huu si sawa na usiku ule. Hapo Fundi ana haki yake yote.

Lakini Fundi hakuwa anasikiliza tamasha. Alikuwa anasikiliza "On the Bus". Na gitaa la "On the Bus" lilikatwa kutoka "Inca Roads" iliyopigwa Ujerumani mwezi Machi 1979. Zappa alirudi Marekani na mikanda, bendi ikarekodi studioni muziki mwingine kabisa, kisha akalichukua lile gitaa la Ujerumani, peke yake, bila wenziwe waliolisindikiza, akalipandikiza juu ya dramu na besi ambazo hazikuwahi kulisikia. Mbinu hiyo aliipa jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya muda mgeni: zenokroni. Karibu solo zote za Joe's Garage zilipatikana hivyo.

Kwa hiyo yale "majibizano" ya dramu na gitaa ambayo Fundi alituinulia kidole tuyasikilize hayakuwapo. Mpiga dramu hakumjibu mtu. Gitaa lilishazimwa Ujerumani kabla yeye hajakaa kwenye kigoda.

Fundi alikaa kimya muda ambao sijawahi kumwona akikaa kimya. Kisha akasema, "Haiwezekani. Tujaribu."

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisa chote kilipo.

Kwenye laptopu yake alikuwa na solo ya Mzee, aliyoirekodi siku ya Krismasi: Mzee anapiga chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, mapigo manne ya kawaida, gitaa peke yake limeingizwa moja kwa moja kwenye mashine. Mwalimu akatengeneza mdundo mwingine, wa polepole, wa mapigo tisa, akiuhesabu kwa vidole mezani, nne kisha tano, nne kisha tano. Fundi akaweka solo juu ya mdundo, akabonyeza.

Ilikuwa kama redio mbili kwenye basi moja. Mzee akakunja uso.

Fundi akasogeza solo mbele kidogo. Mbaya. Nyuma. Mbaya zaidi. Niliamua kuhesabu. Mara ya nne kulikuwa na kitu halafu kikapotea. Mara ya tisa Mwalimu aliacha kuhesabu tisa zake. Mara ya kumi na mbili, Mzee kwenye gitaa alipanda, akakaa juu kwenye nota moja kama mtu aliyesimama mlangoni, na alipoiachia, dramu ya Mwalimu ilianguka palepale. Kijana alisema "Ah!" kwa sauti. Kuanzia hapo kwa karibu dakika nzima kila kitu kilikuwa kinazungumza na kila kitu. Kisha kikaachana tena.

"Kata hapo," alisema Mwalimu. "Kata mwisho, kabla hakijaharibika."

Fundi akakata. Tukasikiliza ile dakika mara tatu. Mzee alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti.

"Vidole ni vyangu," akasema. "Lakini wimbo huu sikuupiga mimi."

Basi nani aliutunga? Mzee Krismasi alikuwa anapiga papo hapo, anafuata miguu ya wajukuu waliokuwa wanacheza. Mwalimu alitengeneza mdundo bila kuwaza gitaa. Ukitafuta mtu aliyekaa akakusudia ile dakika, humpati, isipokuwa Fundi, aliyeikataa mara kumi na moja na kuikubali mara ya kumi na mbili, na Mwalimu aliyesema kata. Hao wawili ndio watunzi, na ndio wawili waliokuwa wanagombea asali kwa kudai kwamba kutunga na kupiga papo hapo ni vitu viwili ambavyo havikai chumba kimoja.

Uamuzi wangu, ambao niliutoa Jumapili iliyofuata nikiwa nimeuandika ili nisiyumbishwe, ulikuwa huu. Swali la dau, kama lilivyoulizwa, linadhani kutunga kunatokea kabla ya kupiga. Kwa Zappa mara nyingi kulitokea baada. Mkono ulipiga kilichokuja. Sikio, baadaye, kwenye meza ya kuchanganyia sauti, lilichagua usiku gani, kuanzia wapi, kukata wapi, kupandikiza juu ya nini, na kukipa jina gani. Mwaka 1981 alitoa Shut Up 'n Play Yer Guitar, albamu ambazo karibu zote ni solo zilizong'olewa kwenye nyimbo zake na kusimamishwa peke yake kama nyimbo. Solo moja ya humo, "While You Were Out", iliandikwa kwa nota, ikageuzwa kazi ya ala nyingine, na kwenye Jazz from Hell ya 1986 inapigwa na kompyuta. Kilichotoka kama pumzi kikaishia kuwa maandishi. Mwalimu amekosea jinsi kilivyozaliwa. Fundi amekosea kilivyo sasa. Hakuna wa kuchukua dumu.

Mwalimu alikata rufaa papo hapo, na rufaa yake bado inanikera kwa sababu ina nguvu. Kama kuchagua ni kutunga, alisema, basi DJ wa harusi ni mtunzi, na anayefuta picha mbaya kwenye simu ni mchoraji. Mpaka uko wapi? Nilimjibu kwamba Zappa alikuwa anachagua ndani ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na kwamba alikuwa anajenga nyumba mpya ya kukiweka alichokichagua. Akasema hilo ni jibu la mpiga besi. Huenda. Ila nimemwona Fundi akisogeza ile solo mara kumi na mbili huku jasho linamtoka, na sitamwita mtu wa kuchagua picha.

Mzee aliomba tena kipande kimoja kutoka Joe's Garage, "Watermelon in Easter Hay". Kina mapigo tisa, nacho hakikupandikizwa: hapo Zappa alipiga studioni, juu ya bendi ileile inayosikika. Kuna sauti moja ya gitaa inayorudi, nzuri ya kusikitisha, ambayo kwa hakika ilikuwa imetungwa. Katikati yake anatembea anavyotaka. Mzee aliielewa kuliko sisi sote. "Ana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea," alisema. "Uani atakwenda apendavyo. Hata sisi ilikuwa hivyo, mpaka siku ya kurekodi."

Hapo Kijana, ambaye tangu Isevya alikuwa anamjibu Mzee "ndiyo babu" na "sawa babu" tu, akauliza. "Babu, siku ya kurekodi ikawaje?"

Mzee alituambia. Ilikuwa miaka ya 1970. Bendi ilisafiri kwa treni mpaka Dar es Salaam kurekodi redioni. Mlikuwa mnaingia chumba kimoja, bendi nzima, mnapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa pamoja; mmoja akikosea, mnarudi mwanzo wote, na nje kuna wengine wanasubiri zamu. Solo ya wimbo ule, ule uleule wa Isevya, walikuwa wameiandaa Tabora miezi miwili. Ilikuwa inapanda taratibu, uzi kwa uzi.

"Ubeti wa pili, uzi ukakatika. Wa pili kutoka chini. Kiongozi ananitazama: usisimame. Solo ikafika. Ningepandaje, na ngazi imeng'oka kipandio? Nikaruka."

Kijana alinyanyuka kwenye benchi.

Huo mruko ndio anaoujua kila mtu. Ndio ambao wazee wanauimba kwa midomo na mabega juu. Kijana alikuwa ameutafuta miezi minne nyumbani, kwa gitaa lenye nyuzi zote sita, akajiuliza mtu alipataje wazo la ajabu namna ile. Na ndio alioacha kuupiga Isevya. Yule baba wa elfu tano alikuwa anausubiri.

"Na hukutuambia," alisema Fundi.

"Nani aliuliza? Wimbo ulipotoka redioni ndivyo ulivyokuwa. Tukirudi ukumbini nikipiga ile tuliyoiandaa, watu wanasema leo mzee kakosea. Nikajifunza upya kukosea kwangu, nikakupiga kila Jumamosi."

Nilimtazama Kijana nikitarajia atafurahi, maana kwa maneno hayo kesi yake ya Isevya ilikuwa imekufa. Hakufurahi. Aliuliza, "Ile mliyoiandaa ilikuwaje?"

Fundi alileta gitaa. Mzee akaliweka pajani, akakaza uzi mmoja, akafumba macho. Alianza chini, polepole, uzi kwa uzi, na kwa pumzi mbili tatu tulisikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia nje ya chumba cha mazoezi cha bendi iliyokwishakufa. Kisha vidole vikaruka. Vyenyewe. Akatikisa kichwa, akaanza tena. Vikaruka palepale. Mara ya tatu alikwenda mbali zaidi, akapita pale pa kurukia, akasita kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Fundi alikuwa ameshatoa simu na kuiegemeza kwenye chupa ya chai.

"Zima hiyo," Mzee alisema bila kufumbua macho. "Isije ikawa ndiyo hiyo tena."

Fundi akaizima. Mimi nikaingia ndani nikalitoa dumu, nikalikata kifuniko, na Mwalimu, ambaye ndiye aliyelinunua, akaenda kwa jirani kuazima vijiko. Mzee aliendelea kutafuta. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa amepata nota nane, na ya tisa akasema ataijaribu Jumapili.